Hatua sabini za nani?

"Ekari moja ni mita ngapi?" Juma lililopita nimeulizwa mara nne: mbili kwa simu, moja stendi ya Voi nikingoja matatu ya kwenda Mwatate, na moja matangani, mahali ambapo hata mpima ardhi ana haki ya kuachwa ale wali wake. Jibu langu ni lile lile. Haina mita hata moja. Ni sawa na kuuliza debe la mahindi lina kilomita ngapi. Ekari ni mita za mraba 4,047, na hilo neno "mraba" ndilo watu hulitema kama kokwa la embe, kisha wakashangaa shamba limekwenda wapi.

Mzee mmoja wa upande wa Mwatate alitaka kumpa mwanawe nusu ya ekari yake. Alishaambiwa kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini, basi akapima thelathini na tano kwa thelathini na tano, akapanda ua wa minyaa, akaita majirani washuhudie. Kijana alipoanza kuleta mabati ndipo nikaitwa. Tulisimama pale konani, nikaokota kijiti, nikamchorea mraba mavumbini, nikaukata mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana.

"Hesabu vipande, mzee."

Akahesabu vinne. Akavua kofia, akajikuna. "Sasa hivi vitatu ni vya nani?"

"Ni vyako. Kijana umempa robo."

Na hiyo robo yenyewe ni robo ya ekari ipi? Maana hizi hatua sabini ndizo zinazoninyima usingizi. Kuanzia Taveta hadi Mackinnon Road, na ng'ambo kule Tanzania vilevile, watu wanauziana ardhi kwa hatua sabini kana kwamba ziliteremshwa pamoja na amri kumi.

Sabini ina maana kwenye kipimo kimoja tu, nacho ni yadi. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari ya Mwingereza ni yadi za mraba 4,840. Zinakaribiana. Nadhani aliyeanza mchezo huu alikuwa na miguu mirefu au alijilazimisha kutanua, maana yadi ni sentimita 91. Sasa ondoka ulipoketi upige hatua yako ya kawaida, ile ya kwenda sokoni. Wengi wetu tutapata kama sentimita 75. Hatua sabini za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na ukizidisha upande kwa upande unapata mita za mraba 2,756. Umelipa ekari nzima, umepewa kama theluthi mbili. Akipima mtu wa hatua ya sentimita 65, ni 2,070, yaani nusu ekari na kijinyongeza.

Hapo mtu huniambia, "Lakini hatua imepungua kidogo tu!" Ndiyo, kidogo kwenye urefu, halafu kidogo tena kwenye upana, na hivyo viwili vinazidishana. Ukipunjwa asilimia 10 huku na asilimia 10 kule, ardhi iliyopotea ni asilimia 19. Muuzaji mjanja hilo analijua bila kwenda shule. Siku ya kuuza humtuma mpwa wake mfupi akapige hatua. Siku ya kununua humleta yule mwingine, mrefu kama mnazi.

Na hapo bado tuko tambarare. Panda Wundanyi, au hapa jirani tu Sagalla, mambo yanaharibika zaidi. Eneo linaloandikwa kwenye hati ni la shamba lililolazwa bapa, kama mwewe anavyoliona kutoka juu, na mwewe haoni mteremko. Kwenye mteremko wa digrii 30, mita 64 ulizoshuka ukishikilia migomba ni mita 55 tu kwenye ramani. Watu hunigombeza: "Kwani mteremko si ardhi?" Ni ardhi, bwana. Lakini nyumba utaijenga wima, na mgomba nao utaota wima, hauoti umelala ili utumie hizo mita tisa.

Kuna na hawa wa waya. "Shamba langu limekula waya wa mita 400 kuzunguka, ni ekari ngapi?" Sijui. Likiwa mita 100 kwa 100, ni ekari 2.47. Likiwa mita 190 kwa 10, kama vile vishamba vilivyokatwakatwa kila baba anapofariki, halifiki hata nusu ekari, na waya ni ule ule. Mzingo haukwambii eneo. Ila wanaopakana na Tsavo wangefaidika kujua upande wa pili wa jambo hili: mashamba manne ya mita 100 kwa 100, kila mwenyewe akijizungushia lake, yanataka mita 1,600. Yakikaa pamoja kama mraba mmoja, ua wa kuyazunguka yote ni mita 800. Ndovu hana habari na mipaka ya ndani.

Ploti ya futi 50 kwa 100 nayo si moja ya nane ya ekari, hata dalali akiapa. Ni futi za mraba 5,000. Moja ya nane ni 5,445. Zilizopungua zinatosha vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi, na choo.

Cha kufanya? Nunua tepu ya mita 50, uende na mtu wa kushika ncha ya pili, mpime pande zote na kona kwa kona pia, maana shamba lililopinda halizidishwi urefu kwa upana; ligawe pembetatu. Hati husomeka kwa hekta, hivyo zidisha kwa 2.47 upate ekari, na usiruke sifuri: 0.045 si 0.45. Eneo la kwenye hati huandikwa kuwa ni la kukadiria, kwa hiyo chukua ramani kwenye ofisi ya ardhi, tafuta bikoni kabla hujatafuta bei. Programu ya simu inafaa kwa shamba la ekari hamsini. Kwenye ploti ya upana wa mita 15, kosa la mita tatu ni moja ya tano ya upana. Kugawa shamba kisheria ni kazi ya mpima mwenye leseni, na shamba la kilimo lahitaji idhini ya bodi ya ardhi kwanza. Na kama umeshalipa kabla ya kupima, usinipigie mimi. Mpigie wakili.