Tairi la Tela Kulika Upande Mmoja: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Jingine

Lori lenye tela ya ekseli tatu linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma huweka sehemu kubwa ya mzigo wake juu ya matairi 12 ambayo dereva hayaoni vizuri wala hayahisi mikononi. Tairi la mbele la kichwa likipata hitilafu, usukani hutetemeka au huvuta upande, na dereva hupata taarifa mapema. Tairi la tela halitoi taarifa ya namna hiyo. Huanza kulika upande mmoja kimya kimya, na mara nyingi hugundulika nyuzi zinapojitokeza, au linapopasuka barabarani likiwa limebeba mzigo.

Kinachofuata hujulikana na wasafirishaji wengi. Tairi jipya linanunuliwa, linafungwa mahali pale pale, na baada ya safari chache linalika kwa mtindo ule ule. Lawama huelekezwa kwa muuzaji. Matairi duni yapo sokoni, hilo halina ubishi; lakini tairi duni kwa kawaida huisha lote kwa haraka, halichagui upande. Linapolika kwa kuchagua, kitu cha kuchunguzwa kwanza ni tela yenyewe.

Uchunguzi huo hufanyika tairi likiwa bado mahali pake, kwa sababu likishafunguliwa na kutupwa kwenye rundo la karakana ushahidi umepotea. Kila tairi lipewe namba kwa chaki kulingana na ekseli yake, upande wake, na kama ni la ndani au la nje. Kina cha mifereji kipimwe sehemu tatu: bega la nje, katikati na bega la ndani. Ndani ya mifereji hiyo kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonesha kikomo cha uchakavu, ambavyo kwa kawaida huwekwa kwenye kina cha milimita 1.6. Bega moja likifikia kikomo, tairi zima limekwisha, hata kama upande wa pili bado una kashata za kuvutia.

Baada ya kuandika vipimo, swali muhimu kuliko yote ni hili: je, tatizo liko kwenye tairi moja, upande mmoja, ekseli moja, au ekseli zote? Tairi moja pekee huelekeza kwenye upepo wake, breki yake au beringi za gurudumu lake. Ekseli nzima kulika kwa namna inayofanana kulia na kushoto huelekeza kwenye uzito, au kwenye ekseli iliyopinda. Ekseli zikiburuzwa kwa pembeni, chanzo hutafutwa kwenye mkao wake chini ya tela.

Upepo ndio rahisi kuthibitisha, na ndio unaopuuzwa zaidi. Tairi lililojazwa kupita kiasi hulika katikati. Lenye upepo mdogo, au lililobebeshwa uzito kupita uwezo wake, hulika mabega yote mawili. Katika matairi pacha, la ndani husahaulika kwa kuwa kofia yake ya upepo ni vigumu kufikiwa. Lenzake hubeba mzigo wake, na yote mawili hupata moto. Kwa viwango vya wataalamu wa matairi, tairi lililopungukiwa asilimia 20 ya upepo wake huhesabiwa kuwa limetembea bila upepo. Kugonga kwa nyundo au kipande cha bomba, desturi iliyozoeleka kwenye vituo vya malori, humtambulisha dereva tairi lililokwisha kabisa lakini halitambui hilo la asilimia 20. Kipimo cha upepo kitumike asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Upepo unaoongezeka njiani kwa sababu ya joto usipunguzwe, kwani likipoa litabaki na upungufu.

Bega la ndani kulika pande zote mbili za ekseli ni dalili nyingine. Ekseli nyingi za tela hutengenezwa zikiwa na upinde mdogo kuelekea juu, ili zinyooke zinapobeba mzigo. Uzito ukizidi mara kwa mara, upinde huo hupotea na ekseli huinama, vichwa vya matairi vikaegemea ndani. Hapa stakabadhi ya mizani ina manufaa ambayo wasafirishaji wachache huyatumia. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, uzito wa jumla wa gari hauruhusiwi kuzidi tani 56, na kundi la ekseli tatu zenye matairi pacha lisizidi tani 24. Gari linaweza kuwa ndani ya tani 56 huku shehena ikiwa imesogezwa nyuma mno, na ekseli za tela zikaumia. Stakabadhi zikitunzwa na kulinganishwa na vipimo vya matairi, mwenye gari hujua kama tatizo lilianzia kwenye upakiaji.

Mkao wa ekseli hutambuliwa kwa kiganja. Kikipitishwa juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudishwa, upande mmoja ukawa laini na mwingine ukakwaruza kama meno ya msumeno, tairi linaburuzwa kwa pembeni. Dereva anayefuata nyuma wakati mwingine huona tela ikitembea kiubavu. Ili kuthibitisha, tela huvutwa mbele kwa mstari ulionyooka na kuegeshwa mahali tambarare. Utepe wa chuma hupimwa kutoka kingpini, ile pini nene inayoiunganisha tela na kichwa, hadi ncha ya ekseli ya kwanza kushoto, kisha kulia. Mafundi wengi huvumilia tofauti isiyozidi milimita 3. Umbali kati ya ekseli na ekseli nao hupimwa pande zote, na humo tofauti inayovumiliwa ni ndogo zaidi.

Vipimo vikikataa, sababu za kawaida ni yubolti zilizolegea, bushi zilizoisha au jani la springi lililovunjika. Kubana yubolti bila kurudisha ekseli mahali pake ni kuifunga hitilafu isiondoke.

Mabonde ya hapa na pale kuzunguka tairi huashiria beringi zilizolegea, shokomzoba zilizokufa au gurudumu lisilo na balansi. Beringi hupimwa kwa kuinua gurudumu kwa jeki na kulitikisa juu na chini. Doa moja lililokwanguka ni alama ya breki iliyoshika gurudumu likaburuzwa, jambo linalotokea kwa urahisi tela inaporudi tupu.

Si kila mchakato wa mabega ni ugonjwa. Tela ya ekseli tatu inapokata kona kali, matairi ya ekseli ya mbele na ya nyuma lazima yasuguliwe kwa pembeni, kwa sababu ekseli hizo hazina usukani. Gari linaloshinda likigeuzwa kwenye yadi finyu litaonesha mikwaruzo hiyo hata vipimo vikiwa sahihi. Dawa yake ni kona pana.

Tairi lililokwisha kulika halirudi kuwa sawa chanzo kinapoondolewa, na likihamishiwa gurudumu jingine huendelea na umbo lake kwa muda. Kwa hiyo matengenezo huthibitishwa kwa tairi jipya, au lililolika sawasawa: kina cha sehemu zake tatu kiandikwe siku linapofungwa, kisha kipimwe tena baada ya safari moja ya kwenda na kurudi.