Kisukari cha mimba: Chanzo si sukari ya chai pekee

MWANAMKE anapopata mimba, shauri la kwanza analopewa nyumbani ni kwamba sasa anakula kwa niaba ya watu wawili. Ugali huongezwa sahanini, chai ikatiwa sukari zaidi, na uji ukafuata kabla ya kulala.

Nia ni njema, ila hesabu ina kasoro. Katika miezi mitatu ya mwanzo mwili wa mama hauhitaji nyongeza ya chakula yenye uzito wowote. Hata miezi ya mwisho, kinachohitajika ni takriban kalori 450 zaidi kwa siku, kiasi kisichofikia robo ya chakula chake cha kawaida.

Kasoro hiyo huwa na madhara kutokana na yanayotendeka ndani ya mwili. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazodhoofisha utendaji wa insulini, kemikali inayoiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika seli. Maumbile yamekusudia hivyo: sukari ikikawia katika damu ya mama, mtoto hupata fungu lake. Ili kuweka mizani sawa, kongosho la mama hulazimika kutengeneza insulini maradufu, pengine hata mara tatu. Likishindwa, sukari hupanda, na hicho ndicho kisukari cha mimba.

Kwa hivyo si haki kumshutumu mgonjwa kuwa amejiletea maradhi kwa ulafi. Unene, umri mkubwa, jamaa wenye kisukari na historia ya kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4 huongeza hatari, lakini hata mwanamke mwembamba huweza kuugua.

Sukari ya mama huvuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini yake haivuki. Kongosho changa la mtoto hujibu kwa kutengeneza insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi. Mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafla ilhali insulini ya mtoto ingali tele, na katika saa chache sukari yake huweza kushuka kwa kiwango cha kuhatarisha ubongo. Mtoto wa kilo nne na nusu hupokelewa kwa vigelegele. Ni nadra jamaa kuuliza uzito huo umetoka wapi.

Maradhi haya aghalabu hayana dalili, na kupima mkojo pekee hakutoshi kuyafichua. Kipimo cha kutegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Mama hufika akiwa hajala, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula zatosha kuthibitisha ugonjwa.

Tiba huanzia jikoni. Kujinyima chakula hakufai. Ugali au wali hupunguzwa, nafasi yake ikachukuliwa na maharagwe, omena, mayai na sukuma wiki. Soda na sharubati huachwa. Kutembea baada ya mlo husaidia misuli kutumia sukari. Yakishindikana hayo, daktari huagiza sindano za insulini, ambazo wengi huziogopa bure, kwa kuwa hazimfikii mtoto.

Kondo likishatoka, sukari kwa kawaida hurejea hali yake, na hapo ndipo wengi hujisahau. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulibainisha kwamba wanawake waliopata kisukari cha mimba wana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kupata kisukari cha kudumu. Wanapaswa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Wiki ya 6 ndiyo mama humpeleka mwanawe kliniki kwa chanjo. Mtoto hupimwa uzito na kudungwa sindano, na mara nyingi mama hurudi nyumbani damu yake haijapimwa.