Fahamu: Magari yakipungua mtaani, kodi ya nyumba hupanda?

Mwaka 2016, jiji la Barcelona, Hispania, lilianza kuzuia magari yanayokatiza mitaa ya makazi katika kitongoji chake cha Poblenou. Vitalu tisa vya majengo huunganishwa kuwa eneo moja; mkazi huingia na gari lake kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, magari yanayopita tu huzungukia barabara za nje. Kwenye makutano yakawekwa meza, miti na michezo ya watoto.

Lakini utulivu una bei. Mwenye nyumba akiona mtaa umependeza, hupandisha kodi, na mpangaji aliyevumilia moshi na honi miaka yote ndiye anayefungasha virago. Huo ni uonevu. Hata hivyo, kosa si la miti: mitaa tulivu ikiwa michache, wenye fedha huigombania.

Barcelona imeweka kinga kiasi. Tangu 2018, miradi mikubwa ya ujenzi ilitakiwa kutenga asilimia 30 ya makazi kwa bei nafuu. Mwaka 2024 jimbo la Catalonia, liliko jiji hilo, likaweka ukomo wa kodi. Miji mingine inayotaka kupunguza magari imlinde mpangaji kwanza, kisha ifunge barabara.