Globu Nne Mbele ya Taa ya Zebaki

Taa kubwa ya zebaki, ile ya mwanga mweupe unaoelekea ubuluu tunayoiona kwenye nguzo za maghala na magati, haiungwi moja kwa moja kwenye umeme. Ukiiunga hivyo hupasuka, au hukata fyuzi. Lazima itanguliwe na choki, ambayo ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma. Choki ni nzito, ina bei, na huku pwani, kuanzia Somanga kushuka Kilwa Masoko hadi Lindi, hewa ya chumvi huila. Ndipo mafundi huulizwa: hatuwezi kutumia globu za kawaida badala yake?

Tunaweza, na sababu yake inafaa kueleweka. Ndani ya taa hii mna kijibomba chenye gesi ya agoni na tone la zebaki, na umeme hupita kwenye mvuke wake. Waya ukipata moto huongeza ukinzani, kwa hiyo hujizuia wenyewe. Mvuke hufanya kinyume: mkondo ukizidi, njia hufunguka zaidi, na mkondo huzidi tena. Bila kizuizi hauna mwisho. Uzi wa tangsteni ulio ndani ya globu ni kizuizi kizuri, maana ukiwaka ukinzani wake huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa ukiwa baridi.

Chukua taa ya wati 125. Ikishapata moto hushika volti 125 hivi na kupitisha ampea 1.15. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo zinazobaki zimezwe na globu. Globu nne za wati 100, zikiungwa sambamba, kisha kundi hilo likapangwa mfululizo na taa, zinakaribia kipimo hicho. Ukiwasha, globu ndizo zinazotangulia kung'aa, kwa kuwa zebaki ingali baridi. Dakika chache baadaye taa inatawala, na globu zinafifia hadi rangi ya chungwa.

Hata viwanda vimeutumia ujanja huu. Taa ya mseto ya wati 160, inayofungwa kwenye holda bila choki, ina uzi wa globu na kijibomba cha zebaki ndani ya kioo kimoja. Lakini hutoa lumeni 3,000 hivi tu, ilhali taa ya wati 125 yenye choki hutoa lumeni 6,000 hivi.

Kwenye jenereta ndogo globu hazipunguzi mkondo. Choki isiyo na kapasita huvuta mkondo karibu mara mbili ya unaohitajika kwa wati zile zile. Globu huvuta mkondo ule ule, ila kwa wati nyingi zaidi. Kasoro yao nyingine huonekana umeme ukiwa hafifu. Mkondo hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila mara mvuke lazima uwashwe upya. Choki husaidia hapo, globu hazisaidii. Volti zikishuka kidogo mwisho wa laini, taa huzimika, na haiwaki tena mpaka ipoe. Taa za sodiamu msizijaribu kabisa kwa njia hii.

Sasa hesabu ya Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Taa na globu zake hula zaidi ya wati 250, yaani uniti tatu au zaidi kwa usiku wa saa 12. Taa ya LED ya wati 50 hutoa mwanga unaokaribiana na wa taa hiyo kwa uniti 0.6. Kwa maoni yangu, mfumo wa globu ufundishwe katika vyuo vya ufundi, usifungwe kwenye nyumba ya mtu.

Kuna jambo zito zaidi. Kioo cha nje kikivunjika, kijibomba huweza kuendelea kuwaka na kutoa mionzi ya urujuanimno inayounguza macho na ngozi. Zima papo hapo. Na taa iliyokufa isitupwe ufukweni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwandani iliyoingia baharini, ikaingia kwa samaki, ikawafikia walaji. Mkataba wenye jina la mji huo uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuingiza taa hizi kwa matumizi ya kawaida.

Anayebadilisha aondoe choki au globu zote kwanza, kisha aunge LED moja kwa moja kwenye volti 230. Taa kuukuu aiweke nzima ndani ya boksi, mbali na watoto, hadi ipate mpokeaji wa taka hatarishi.