Je, Wajua? Kiswahili Kilivyoandikwa Kabla ya Herufi za Kirumi

Je, wajua kwamba Waswahili walifika Mumias, Kaunti ya Kakamega, kabla ya wamisheni? Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilipiga kambi kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, na Uislamu ukabaki hapo mpaka leo. Mtoto wa madrasa ya Mumias anaijua alifu na anaijua be. Huenda hajaambiwa kwamba herufi hizo hizo za Kiarabu ndizo zilizoandika Kiswahili kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728. Barua za Kilwa za mwaka 1711 ziko Goa, India, hadi sasa.

Je, wajua kwamba herufi hizo zilipwaya kidogo? Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili tano. Tena Kiarabu hakina p, ch wala v. Katika miswada ya kale, herufi ya be ilibeba b na p kwa pamoja, na m iliyoitangulia mara nyingi haikuandikwa. Ukikuta be, alifu, be, alifu, usome baba, papa, pamba au bamba? Ilikubidi uwe unalijua shairi ndipo uweze kulisoma!

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyemtangulia, yalikuwa yamebaki vinywani mwa wazee. Sikujua aliyakusanya, akayaandika kwa ajili ya mmisheni W. E. Taylor, na akaongeza alama ili sauti za Kimvita, lahaja ya Mombasa, zisichanganyike. Kwa maoni yangu, deni letu kwake halijalipwa: Muyaka anasomwa vyuoni, Sikujua hatajwi.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mjini Mombasa, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Mwaka huo huo serikali za kikoloni ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili, kwa herufi za Kirumi. Unajua nani alishinda.

Lakini hata Kirumi hakikamiliki. Mtu wa Mombasa hutamka paa wa porini kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Sisi sote tunayaandika sawasawa.

Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo ya hati kamili ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baadaye Kevin Donnelly akatengeneza programu ya kompyuta iitwayo Andika!, inayogeuza hati hiyo kuwa ya Kirumi na ya Kirumi kuwa hiyo.

Kwa hiyo, ukikuta daftari la babu lenye maandishi ya namna hii, usidhani ni Kiarabu tu. Mwite anayejua kusoma kabla mchwa hawajalimaliza.