Kinanda kinatuma namba, ordinateri inatafuta akordi



Mumesikia mabishano ya korali. Mpiga kinanda alifinya do, mi, sol, la, na do ilikuwa chini. Mpiga gitare ya bas akapiga la. Kisha wimbo kwisha, mmoja anasema: «Ile akordi ni do!» Mwenzake: «Hapana, ni la mineri!» Tangu siku ile hawasalimiani vizuri. Basi tuulize: kama ordinateri ingekuwa mwamuzi, ingesema nini?

Kwanza tujue ya kuwa hapa ordinateri haitumii sikio. Kinanda cha umeme kinaitumia namba. Tangu mwaka 1983 kuko mapatano yanayoitwa MIDI: kila tushi iko na namba yake, kutoka 0 mpaka 127. Do ya katikati ni 60, ile nyeusi inayofuata ni 61, re ni 62. Ukifinya tushi, namba inakwenda. Ukiiachilia, habari ingine inakwenda. Programu inashika orodha ya tushi ambazo ziko chini ya vidole.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka do mpaka do ingine kuko hatua 12. Kwa hiyo tunagawanya kila namba kwa 12 na kushika baki. Mufano: mi, sol, do ni 64, 67, 72. Baki zao ni 4, 7, 0. Do zote za kinanda, za chini na za juu, zinakuwa 0.

Kisha programu inajaribu kila sauti kama ndiyo mzizi, na kuhesabu hatua za kupanda mpaka zingine. Tukianza na mi tunapata 0, 3, 8: haiko mu orodha ya akordi tuliyoipa. Tukianza na sol, 0, 5, 9: haiko. Tukianza na do, 0, 4, 7: hii ndiyo majeri! (Mineri ni 0, 3, 7.) Ndiyo maana hata ukigeuza vidole, jina linabaki do majeri.

Turudi kwa mabishano yetu. Do, mi, sol, la: ukianza na do ni 0, 4, 7, 9, ndiyo do yenye sita. Ukianza na la ni 0, 3, 7, 10, ndiyo la mineri yenye saba. Majina mawili, tushi ni zile zile! Hapo mwenye kuandika programu anaweza kuipa sheria: angalia sauti ya chini kabisa. Kwa kinanda peke yake, ingejibu do. Lakini bas haikufungwa kwa ordinateri, na yeye ndiye alikuwa chini ya wote.

Basi, wenzangu, kila mmoja alisema kweli ya vidole vyake. Programu inahesabu tu zile namba inazopewa. Kusikiliza mwenzako na kupatana naye mbele ya kuimba, ile kazi inabaki yetu.