Maharagwe Yakiisha Bwenini

Hebu fikiri: shuleni kwako, Kasulu au Kibondo, maharagwe yamekwisha na kila siku ni ugali mtupu. Niasini ya mahindi imefungwa, tumbo huambulia kidogo tu. Na seli inaihitaji kutengeneza NAD. Hiyo NAD si ya nguvu peke yake, ati! Seli huigeuza kuwa molekuli nyingine inayofungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani, na kalsiamu ikitoka ndiyo ishara: kazi ianze. Niasini ikikosekana, ngozi inayopigwa jua hubabuka, unaharisha, akili inavurugika. Huo ni ugonjwa wa pelagra. Mwaka 1990 uliwapata wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 kule Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao. Karanga na dagaa wanayo niasini. Ukiona mabaka meusi yamezunguka shingo ya mwenzako kama mkufu, usiseme karogwa; mpeleke zahanati.